Je, Wajua? "Him" Lililozidi na Siri Nyingine za Virejeshi

Fungua daftari la Kiingereza la mwanafunzi wa kidato cha kwanza, popote kati ya Tanga na Kigoma, nawe hutakosa sentensi ya namna hii: "The man who I saw him yesterday is my uncle." Mwalimu amelizungushia "him" wino mwekundu, akaweka alama ya X, akaendelea na daftari jingine. Mwanafunzi naye amefuta na kuandika upya, na wiki ijayo kosa litarudi lilelile. Limetoka wapi hilo "him"? Leo safu yetu inalifuata nyayo. Njiani tutapita kwenye Sala ya Bwana, mahakama ya Washington, mchele wa Madagaska na mandazi ya bibi mmoja wa Tanga.

"Him" halikuokotwa barabarani

Sema kwa Kiswahili: "Mtu niliyemwona jana ni mjomba wangu." Sasa ipasue "niliyemwona": ni- ni mimi, -li- ni wakati uliopita, -ye- ni kirejeshi, -mw- ni huyo aliyeonwa, na -ona ni shina la kitenzi. Kwa Kiingereza, -ye- ndiyo "who", na -mw- ndiyo "him". Huwezi kuidondosha hiyo -mw-. Ukisema "mtu niliyeona", msikilizaji atakaa akingoja umalizie umeona nini.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu hakubahatisha. Amehamisha kila kiungo cha neno lake bila kuacha hata kimoja. Kiarabu nacho hurudisha kiwakilishi namna hiyohiyo ndani ya kishazi rejeshi, ndiyo maana mwanafunzi wa Kairo hutumbukia shimo lilelile analotumbukia mwenzake wa Korogwe.

Kiti kilichomeza "on"

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: hapa neno halizidi, linapungua. "Kiti nilichokalia kimevunjika" hugeuka kuwa "The chair which I sat is broken." Mwalimu anauliza "on" iko wapi. Imo ndani ya kitenzi! Kaa imekuwa kalia, kama vile kata inavyokuwa katia katika "kisu nilichokatia nyama". Kauli ya kutendea imeshafanya kazi ambayo Kiingereza hukipa kihusishi, na mwanafunzi haoni sababu ya kuifanya mara mbili.

Hicho kihusishi chenyewe kimewasumbua hata wenye lugha yao. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, aliyekuwa marehemu kitambo, kwa kuacha vihusishi vikining'inia mwishoni mwa sentensi. Baadaye akayageukia maandishi yake mwenyewe. Alipotoa upya, mwaka 1684, insha yake ndefu juu ya tamthilia, alivisogeza mbele vihusishi alivyokuwa ameviacha mkiani. Waingereza wameendelea kusema "the chair I sat on" hadi leo.

Ngazi yenye vipandio sita

Mwaka 1977 wanaisimu Edward Keenan na Bernard Comrie walichapisha utafiti uliohusu lugha zipatazo 50. Waligundua kuwa virejeshi vimepangika kama ngazi. Kipandio cha kwanza ni kiima: "mtu aliyekuja". Cha pili ni shamirisho: "mtu niliyemwona". Cha tatu ni mtendewa: "mtu niliyempa kitabu". Cha nne ni kile kinachohitaji kihusishi kwa Kiingereza: "kiti nilichokalia". Cha tano ni umiliki: "mtu ambaye gari lake limeibwa". Cha sita ni ulinganishi: "mtu ambaye mimi ni mrefu kuliko yeye".

Kanuni yao ni kwamba lugha hairuki kipandio. Ikikifikia cha nne, basi vitatu vya kwanza inavyo. Nyingine huishia njiani, na mfano maarufu kuliko yote uko ng'ambo ya maji tu, Madagaska. Kimalagasi husimama kwenye kipandio cha kwanza. Msemaji wake hawezi kusema moja kwa moja "mchele ambao mwanamke aliuosha". Itambidi kwanza mchele uwe kiima: "mchele uliooshwa na mwanamke". Sisi tunaweza kusema yote mawili, bila hata kujua kuwa kuna jirani asiyeweza.

Je, wajua kwamba kigumu chaweza kufundishwa kwanza?

Vitabu vingi vya Kiingereza huanza na chepesi: wiki hii "the boy who came", wiki ijayo "the boy whom I saw", na vile vyenye kihusishi mwishoni mwa muhula, kama muda upo. Mwaka 1982 Susan Gass alijaribu kuupindua mpangilio huo, na mwaka 1988 Fred Eckman, Lawrence Bell na Diane Nelson wakapima tena. Kundi moja la wanafunzi lilifundishwa virejeshi vya kiima, jingine vya shamirisho, jingine vya kihusishi.

Waliofundishwa kile cha kipandio cha juu walikiweza, na vya chini wakavipata bila kufundishwa. Walioanzia chini walibaki zaidi pale walipowekwa. Mwalimu aliyezoea kwenda polepole ana haki ya kushtuka.

Anayekosea sana huenda anajua zaidi

Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alikusanya insha 50 za Kiingereza kutoka kila kundi: Waajemi, Waarabu, Wachina, Wajapani, na Wamarekani wenyewe. Kisha akahesabu virejeshi.

Waajemi waliandika 174 na kukosea 43. Waarabu waliandika 154 na kukosea 31. Wachina walikosea 9 tu, na Wajapani 5 tu. Mkaguzi wa haraka angewapa Wajapani zawadi. Lakini Schachter aliangalia pia safu ya pili: Wachina walikuwa wameandika virejeshi 76 tu, na Wajapani 63. Wamarekani, kwa insha zilezile 50, waliandika 173. Wajapani na Wachina hawakuwa hodari wa virejeshi. Walikuwa wamevikwepa.

Walikuwa na sababu. Kijapani na Kichina huweka kishazi kizima mbele ya nomino, kana kwamba sisi tungesema "niliyemwona-jana mtu". Lugha nyingi zinazotanguliza kitenzi kabla ya shamirisho huweka kishazi rejeshi baada ya nomino, kama Kiswahili na Kiingereza zifanyavyo. Kichina ni miongoni mwa vighairi vichache mno duniani.

Basi daftari safi lisitupumbaze. Mwanafunzi anayeandika "I have an uncle. He is tall. He lives in Moshi." hatapata wino mwekundu hata tone, na hatajifunza kirejeshi hata kimoja. Yule wa "who I saw him" amethubutu.

Mungu aliyeitwa "which"

Tunafundishwa kuwa "who" ni ya watu na "which" ni ya vitu. Fungua Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapishwa mwaka 1611, usome Sala ya Bwana: Baba wa mbinguni anatajwa kwa "which". Haikuwa utovu wa adabu. Zamani "who" lilikuwa neno la kuulizia tu. "Whom" na "whose" ndizo zilizotangulia kufanya kazi ya urejeshi, na "who" yenyewe ilianza kuzoeleka katika karne ya 15 na ya 16. Watafsiri wa 1611 waliikuta lugha ikiwa bado inahama nyumba.

Ndiyo sababu Kiingereza leo kinatumia neno moja kuulizia na kurejeshea: "Who came?" na "the man who came". Kwetu "nani" na "ambaye" hazijawahi hata kufanana.

Neno lililosema hadi likawa kiungo

"Ambaye" nayo ina historia yake. Amba ni kitenzi cha kale chenye maana ya kusema. Mabaki yake unayatumia kila siku: "ambia" ni amba iliyotiwa kauli ya kutendea, na "kwamba" ni ule ule mzizi. Kwa hiyo kila ukiandika "mtu ambaye", kuna mtu wa kale ndani ya neno hilo anayesema jambo.

Kirejeshi pia kimehifadhi siri ya wakati ujao. Twasema "atakuja", lakini kirejeshi kikiingia twasema "atakayekuja". Hiyo -ka- imetoka wapi? Haikuongezwa. Ni ile "-ta-" iliyopunguzwa, kwani asili yake ni kitenzi "taka". Wakati ujao ulianza kama kutaka.

Kwa ufupi

• "Nilipofika" ina kirejeshi cha mahali, -po-. Tumekiazima kutaja wakati, na wengi tumesahau kuwa ni cha mahali.

• O-rejeshi, yaani kiambishi cha urejeshi kama -cho- na -po-, haina "o" kwa watu katika umoja: ni -ye.

• Kiambishi -me- hakipokei O-rejeshi katikati. Mgeni amefika, lakini ni "mgeni aliyefika" au "mgeni ambaye amefika".

• Methali zetu zinapenda kirejeshi kisicho na nomino mbele yake: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", "Lisemwalo lipo". Hiyo "lisemwalo" ni neno moja. Kiingereza kingehitaji matatu au manne.

• Kiingereza huruhusu kirejeshi cha shamirisho kipotee kabisa: "the book I read". Kiswahili hakiruhusu. Mwanafunzi anayesikiliza hutafuta "which" ambayo haikusemwa, na sentensi inampita.

Mtoto aliyempiga mwalimu

Nani alimpiga nani? Usijibu haraka. Huenda mtoto alimpiga mwalimu. Huenda pia ni mtoto ambaye mwalimu alimpiga, kwa kuwa O-rejeshi ikikaa ndani ya kitenzi, mtendaji husogea nyuma: twasema "kitabu alichokisoma mtoto". Kwenye kitabu na mtoto hakuna utata, kwani kitabu hakisomi. Kwenye watu wawili wa ngeli moja, ni muktadha tu utakaookoa.

Kiingereza hutatua jambo hili kwa nafasi: "the child who hit the teacher", "the child the teacher hit". Mwanafunzi aliyezoea kuangalia viambishi lazima ajifunze kuangalia foleni: nani yuko mbele ya nani. Somo la dakika 10 kwa sentensi hii moja, pamoja na vicheko vyake, hukaa kichwani kuliko ukurasa mzima wa kanuni.

Mkato upunguzao ndugu

"My brother who lives in Mombasa is a nurse." Msemaji ana kaka zaidi ya mmoja, na anamtofautisha huyu wa Mombasa. "My brother, who lives in Mombasa, is a nurse." Hapa kaka ni mmoja, na Mombasa ni habari ya ziada. Alama mbili ndogo za mkato zimepunguza familia. Sisi tungetofautisha kwa mdomo, au kwa "yule": "yule kaka yangu anayeishi Mombasa". Tena "that" haiwezi kushika nafasi ya "who" kwenye sentensi ya pili.

Kirejeshi kilichofika Mahakama ya Juu

Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Barnhart dhidi ya Thomas. Mwanamke aliyekuwa akiendesha lifti aliomba mafao ya ulemavu. Serikali ilisema bado angeweza kufanya kazi yake ya zamani. Yeye akajibu kuwa kazi ya kuendesha lifti haipo tena kwa kiasi cha maana nchini.

Sheria ilitaja kazi ya awali ya mtu, kisha kazi nyingine yoyote "which exists" katika uchumi wa taifa. Je, kishazi hicho kinahusu kazi zote mbili au ile ya mwisho tu? Majaji wote walikubaliana kuwa ni ile iliyo karibu nacho. Mama akashindwa. Jaji Antonin Scalia alieleza kwa mfano wa wazazi wanaosafiri na kumwonya kijana wao: ataadhibiwa akifanya sherehe au jambo jingine lolote linaloharibu nyumba. Akifanya sherehe, asije akajitetea kuwa nyumba haikuharibika.

Kiswahili kingesaidia kidogo hapo. "Iliyopo" ingeelekeza kwenye kazi moja, "zilizopo" kwenye zote. Vivyo hivyo, "kikombe cha mtoto kilichoanguka" na "kikombe cha mtoto aliyeanguka" havigongani hata kidogo. Kiingereza hakina ngeli za kukiokoa. Mwaka 1988 Fernando Cuetos na Don Mitchell walionyesha kuwa katika sentensi zenye utata kama huo msomaji wa Kiingereza huelekea nomino ya karibu, ilhali wa Kihispania huelekea ile ya kwanza. Hata kubahatisha kuna lugha yake.

Mandazi ya bibi

Sentensi za mtoto hukua naye. Mwaka 1965 Kellogg Hunt alipima maandishi ya wanafunzi wa Marekani kwa kuhesabu maneno katika kila kishazi huru pamoja na vitegemezi vyake. Darasa la 4 walikuwa na wastani wa maneno 8.6, darasa la 8 maneno 11.5, darasa la 12 maneno 14.4. Vishazi rejeshi vilikuwa miongoni mwa vilivyoongezeka. Mwaka 1973 Frank O'Hare akaonyesha kuwa darasa la 7 waliofanya mazoezi ya kuunganisha sentensi, bila kukaririshwa majina ya sarufi, waliandika sentensi za ukomavu unaokaribia wa darasa la 12.

Zoezi lenyewe halihitaji hata kitabu. Andika ubaoni:

"My grandmother lives in Tanga. She sells mandazi. The mandazi are finished by eight."

Uliza darasa: tunataka kuzungumza juu ya nani? Kama ni bibi: "My grandmother, who lives in Tanga, sells mandazi that are finished by eight." Kama ni mandazi: "The mandazi my grandmother sells in Tanga are finished by eight." Habari ni zile zile tatu, lakini safari ya kwanza tumemwona bibi, safari ya pili tumeliona sinia tupu.

Kisha watatokea wenye bidii ya kupita kiasi: "My grandmother, who lives in Tanga, which is by the sea, sells mandazi, which are finished by eight, which is early." Sarufi haina kosa, ila msomaji ameishiwa pumzi. Hapo ndipo somo la kubadilishabadilisha urefu linapoingia. Waambie waikate mkia: "The mandazi my grandmother sells in Tanga are finished by eight. Come early." Sentensi fupi hupata nguvu kwa sababu imetanguliwa na ndefu.

Turudi kwenye wino mwekundu

Lile "him" la mwanzoni bado limezungushiwa duara, na ni kweli halitakiwi pale. Lakini mwalimu anayekijua Kiswahili chake anaweza kuongeza kitu kimoja kando ya duara ambacho mwenzake wa London hawezi kukiongeza: mshale mdogo, na herufi mbili pembeni, "-mw-". Mwanafunzi atautazama, ataisoma sentensi yake kwa Kiswahili chini ya pumzi, na atakiona kiambishi kilichovuka mpaka pamoja naye. Safari hii atakifuta akijua anafuta nini.